Mwanafunzi wa Kiingereza Aanze Kazi Kabla ya Shahada

Kila mwaka mwezi wa Juni unapoingia na vyuo vikuu vinapofunga kwa likizo ndefu, ofisi zetu za uhusiano wa umma, za jeshi na za polisi, huanza kupokea vijana wenye bahasha mikononi. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo isemayo kwamba mchukuaji wake ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwamba anasoma lugha ya Kiingereza na fasihi, na kwamba anaombewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa muda wa kiasi cha miezi miwili. Wengi wa vijana hao ni watoto wetu wenyewe. Wamezaliwa katika kota za kambi, wamekua wakiamshwa na tarumbeta, na karo yao hutoka katika mshahara wa koplo, wa sajini au wa inspekta.

Makala hii inawahusu vijana hao, lakini tumeiandika hasa kwa ajili ya wazazi wao waliovaa sare, na kwa ajili ya maofisa ambao barua hizo hufika mezani kwao.

Sajini mmoja alitujia na swali ambalo twaamini liko vinywani mwa wengi. "Afande," alisema, "jirani yangu mwanawe anasoma udaktari, na mwingine anasoma uhandisi. Hao najua watakuwa nani. Binti yangu anasoma Kiingereza Makerere. Yeye atakuwa nani?"

Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa maneno ya kubembeleza. Jibu letu ni hili. Shahada ya Kiingereza haimpi mtu kazi; humfanya mtu awe tayari kufundishwa kazi nyingi. Kijana anayeipata bila ya kuwahi kuitumia lugha hiyo katika kazi yoyote hutoka chuoni kama kuruta aliyemaliza kwata bila ya kushika bunduki: anasimama wima, anageuka vizuri, lakini hakuna kamanda awezaye kumpeleka lindoni. Yule aliyeanza kazi mapema, hata kama ni kazi ndogo na isiyo na malipo, huwa na kitu cha kuonyesha. Wahenga walikwisha kusema: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

GHARAMA NI YA MZAZI

Kwanza tuitazame hesabu, maana askari hufundishwa kupima uwanja kabla ya kuuvuka. Serikali ilipoanzisha mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu mwaka 2014, mikopo hiyo ilielekezwa hasa katika masomo ya sayansi na ufundi. Taifa linalotaka viwanda, hospitali na barabara lina sababu zake za kufanya hivyo. Lakini matokeo yake kwa mzazi wa mwanafunzi wa Kiingereza ni kwamba mzigo wa karo umebaki mabegani mwake. Wengi wetu tumekopa katika chama cha Wazalendo kwa upande wa jeshi, au Exodus kwa upande wa polisi, na makato yake huonekana kila mwisho wa mwezi.

Pili, zamani mzazi aliweza kujituliza kwa kusema, "Akikosa yote, atafundisha." Ualimu bado ni kazi ya heshima, na nchi yetu haiwezi kuendelea bila ya mwalimu wa Kiingereza, somo ambalo kila mtoto wa sekondari hulisoma. Hata hivyo, katika mwaka wa fedha wa 2022/23 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari za Serikali ulipandishwa ukafika shilingi milioni 4 kwa mwezi, ilhali mwenzake wa masomo ya sanaa alibaki na kiasi cha milioni 1. Tofauti hiyo ilileta migomo ya walimu mwaka 2022, na tena mwaka 2025. Hatuandiki haya ili kumvunja moyo kijana mwenye wito wa kufundisha. Twayaandika ili ajue kwamba njia ya ualimu haipasi tena kuwa kimbilio la aliyekosa mipango. Kila njia inataka maandalizi yake.

Nasi wazazi tuna saa inayotuhesabia. Mtu akistaafu huiacha kota. Kijana aliyekuwa akingojea kazi nyumbani huku mzazi yumo kambini atakuja kuingojea pasipo na kota wala mshahara. Kwa hiyo miezi hii miwili ya likizo ya mwaka wa pili si jambo dogo kwa jamaa ya askari.

MAKERERE ILIANZA KWA KAZI ZA MIKONO

Wako wanaodhani kwamba kumpeleka msomi wa fasihi ofisini kushika mafaili ni kumshusha cheo. Hao wakumbushwe historia. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi, nayo ilianza na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Usomi wa vitabu ulikuja juu ya msingi wa kazi.

Na hata idara ya Kiingereza ilipopata sifa kote Afrika, wale waliotoka humo wakajulikana hawakungojea shahada ndipo waanze. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliingia Makerere mwaka 1959. Kabla ya kumaliza masomo yake alikuwa amekwisha kuchapa hadithi katika Penpoint, jarida la idara hiyo. Alikuwa akiandika makala katika magazeti ya Nairobi. Na mwezi wa Novemba 1962 mchezo wake ulionyeshwa katika ukumbi wa Taifa mjini Kampala. Mwezi wa Juni mwaka huohuo, waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, mwanafunzi huyo alimpelekea Chinua Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1964. Wasomaji wengi huliona jina lililo juu ya kitabu. Sisi twataka waione pia miaka ya mazoezi iliyolitangulia.

John Nagenda, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa mmoja wa wahariri wa jarida hilohilo la wanafunzi. Baadaye akawa mshauri mwandamizi wa Rais katika mambo ya habari na uhusiano wa umma, na kwa miaka mingi safu yake ilisomwa kila wiki katika New Vision. Mheshimiwa Mary Karooro Okurut alifundisha fasihi Makerere, akaanzisha chama cha waandishi wanawake cha FEMRITE mwaka 1995, akawa katibu wa habari wa Rais, akaingia Bungeni, na mwaka 2015 akateuliwa kuwa Waziri wa Usalama. Askari asemaye kwamba fasihi haina uhusiano na usalama wa nchi na auangalie mfano huo.

MANENO MANNE YA KITUO CHA POLISI

Tuyaache sasa majina makubwa, tuingie katika kazi yenyewe. Kazi gani ya kweli inaweza kumfunza mwanafunzi wa Kiingereza kitu ambacho darasa halikumfunza? Tuuchukue mfano wa maandishi ya ushahidi, kwa kuwa kila polisi anaujua.

Shahidi huja kituoni akasema kwa Kiswahili, au kwa Kiganda, au kwa lugha nyingine ya kwao. Maelezo yake yataandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya mahakama zetu. Baina ya kinywa cha shahidi na karatasi ya hakimu pana daraja, na daraja hilo likivunjika mtu asiye na hatia aweza kufungwa, au mwenye hatia akaenda zake.

Neno la kwanza ni "alimpiga". Katika Kiswahili mtu hupigwa ngumi, hupigwa fimbo na hupigwa risasi. Kiganda nacho kina neno moja kwa hayo yote. Kiingereza kina kitenzi cha fimbo na kitenzi kingine kabisa cha risasi. Shahidi aliposema tu, "Nilimwona akimpiga," mwandishi hana ruhusa ya kukisia. Lazima aulize.

Neno la pili ni "yeye". Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika neno hilo. "Yeye ndiye aliyetoka mbio" ni sentensi kamili kwetu, lakini haiwezi kuandikwa kwa Kiingereza mpaka ijulikane aliyetoka mbio alikuwa wa kiume au wa kike. Pengine shahidi hakuona uso, aliona mgongo tu gizani. Mwandishi akiamua mwenyewe, amekwisha kumpa shahidi macho ambayo hakuwa nayo.

Neno la tatu ni saa. Shahidi akisema saa mbili usiku, ni wajibu wa mwandishi kuigeuza ifuate hesabu ya Kizungu, ambako ni saa ya nane. Mzembe akiliacha neno "mbili" kama lilivyo, hakimu atasoma usiku wa manane, yaani saa nane kwa hesabu yetu. Zimepotea saa sita. Mtuhumiwa aliyekuwa kazini saa mbili mbele ya mashahidi kumi ataonekana hana mtu wa kumtetea.

Neno la nne ni "ndugu". Huyo ni wa tumbo moja, au mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo, au rafiki tu aliyeitwa hivyo kwa heshima? Katika kesi ya ardhi au ya urithi, jawabu la swali hilo ndilo kesi yenyewe.

Hatusemi kwamba mwanafunzi aketi aandike maelezo ya mashahidi. Hiyo ni kazi ya polisi aliyeapa, na siri za upelelezi zina sheria yake. Lakini afisa mwenye moyo aweza kumpa maelezo ya mfano, yaliyotungwa kwa ajili ya mazoezi, amwache ayatafsiri, kisha amwonyeshe mahali alipokisia. Kijana aliyepitia hayo kwa wiki mbili hatalitazama tena neno kwa wepesi. Akienda baadaye kuwa mkalimani wa mahakama, au mhariri wa Hansard ya Bunge, au mtangazaji, au mwanasheria, atakuwa amebeba silaha ambayo wenzake hawana.

MALI YA MTOTO WA KAMBINI

Hapa tunataka kumwambia mzazi jambo ambalo pengine hajalifikiria. Katika madarasa ya Kiingereza ya vyuo vyetu wamejaa vijana wazuri waliotoka katika shule za gharama kubwa, na matamshi yao ni safi. Lakini wengi wao Kiswahili hawakijui. Mtoto wa kambini anakijua tangu utotoni, kwa sababu ndiyo lugha ya gwaride, ya duka la kambi na ya michezo ya watoto. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ni somo la lazima kwa miaka miwili ya mwanzo. Anayekijua Kiingereza peke yake ni mmoja kati ya maelfu. Anayeweza kusimama katikati ya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya mama yake, akavusha maana bila kuimwaga, ni mtu anayetafutwa.

Wapiganaji waliokwenda Somalia wanalijua hilo. Majeshi yetu yalipofika Mogadishu mwezi wa Machi 2007, na ndugu zetu wa Burundi, wanajeshi waliozoea Kifaransa, walipofika mwezi wa Desemba mwaka huo, ilidhihirika kwamba lugha ni sehemu ya zana za vita. Taarifa iliyoandikwa vibaya huweza kumpeleka mtu mahali pasipo pake. Kwa hiyo tusiwaache watoto wetu wakionee haya Kiswahili cha kambini, tuwahimize wakinoe.

MASHINE IANDIKAYO

Wengine watatuuliza: si siku hizi kompyuta huandika Kiingereza yenyewe? Ni kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu ambazo mtu akiziagiza barua au taarifa huitoa kwa nukta chache, nayo haina kosa la sarufi. Kijana ambaye ujuzi wake wote ni sarufi ana sababu ya kuogopa.

Lakini mashine haikuwepo mahali pa tukio. Katika wiki ya Tarehe Sita, jeshi letu linapotoa huduma kwa wananchi, tuliwahi kumtuma mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aandike habari za kambi ya matibabu. Alirudi na ukurasa wa Kiingereza kizuri usemao kwamba jeshi limewatibu watu wengi. Tulimwuliza: wengi ni wangapi? Nani aliwahesabu? Walikuwa wakiugua nini? Hakuwa na majibu. Alirudi kwa muuguzi, akaomba daftari, akahesabu mstari kwa mstari, akazungumza na kina mama watatu waliokuwa wakingojea zamu. Habari ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na kila neno lake lilikuwa na shahidi. Siku hiyo alijifunza kazi. Mashine ingeweza kuandika habari ile ya kwanza; ile ya pili haiandikwi na asiyekwenda.

WAJIBU WETU MAOFISA

Tukisema na wazazi, hatuna budi kusema pia na wenzetu wanaopokea barua. Ziko ofisi ambazo mwanafunzi hufika Juni akaondoka Agosti akiwa amejifunza kupika chai na kutoa nakala kwa mashine. Huo ni uharibifu. Kuruta hafundishwi kulenga shabaha kwa kufagia uwanja wa shabaha. Akabidhiwe msimamizi mmoja, apewe kazi yenye mwanzo na mwisho, na kila Ijumaa kazi yake isomwe na kusahihishwa mbele yake. Daftari lake la chuo lisitiwe sahihi kwa mafungu siku ya mwisho. Cheti kitolewacho kwa kazi isiyofanyika ni uongo juu ya karatasi ya Serikali.

Nafasi nazo zitolewe kwa haki. Mtoto wa koplo na mtoto wa kanali wapange mstari mmoja. Yule asiye na mjomba makao makuu ndiye ambaye nafasi hiyo humfaa zaidi. Siri za kazi zilindwe: mwanafunzi aelezwe tangu siku ya kwanza ni chumba kipi haingii na ni faili gani haligusi, na kwamba sheria ya siri za Serikali yamhusu yeye pia. Zaidi ya yote, binti aliyekuja kujifunza arudi kwao na heshima yake. Afisa anayeifanya sahihi yake kuwa mtego ameiaibisha sare, na hakuna kisingizio cha kumkinga.

YAFAAYO KUTENDWA

Mzazi atauliza aanzie wapi. Mwaka wa kwanza, kijana na aandike katika jarida la wanafunzi, ajiunge na kundi la mdahalo au la michezo ya kuigiza, ajifunze kupiga chapa kwa haraka bila kutazama vidole, na ahifadhi nakala ya kila alichochapisha. Mwaka wa pili, asingoje Juni ndipo atafute nafasi. Barua ziondoke mwezi wa Februari, ziende gazetini, redioni, kwa wachapaji wa vitabu, Bungeni, mahakamani, shuleni na katika ofisi kama zetu. Aombe mahali panapofanya kazi aitakayo, hata kama ni mbali, kuliko kukaa karibu na nyumbani bila kazi. Mwaka wa tatu, awe na faili lenye maandishi yake bora yasiyozidi kumi, na majina ya watu wawili waliomwona akifanya kazi na watakaothubutu kumsemea.

Mzazi naye ana la kufanya. Mafunzo hayo mara nyingi hayana malipo, na kijana anayekosa nauli huacha katika wiki ya tatu. Nauli na chakula cha miezi miwili vihesabiwe pamoja na karo tangu mwanzo wa mwaka, wala visichukuliwe kuwa gharama ya ghafla. Na kila Jumapili mzazi amwulize mwanawe swali moja tu: wiki hii umetengeneza nini kwa mikono yako? Haitaji kujua Kiingereza ili kulipima jibu. Amekwisha kupima makuruta wengi.

Ndugu wapiganaji na ndugu polisi, sisi ni watu tunaoamini mazoezi. Hatumpeleki mtu vitani kwa sababu alifaulu mtihani wa kuandika. Tunampeleka kwa sababu tulimwona uwanjani. Waajiri wa watoto wetu wanafikiri vivyo hivyo. Likizo ndefu ndiyo uwanja wao. Tuwapeleke huko mapema, wakiwa na nauli mfukoni na adabu ya nyumbani, ili siku watakapovaa joho waulizwe walichokwisha kufanya, nao wawe na la kujibu.